Mkono wa Kalekye

Miaka kumi na tisa nafukua mabomba ya jiji hili,
kutoka tangi la Gigiri hadi vichochoro vya Kayole.
Najua kwa sikio panapovuja:
nasimika chuma ardhini, naweka sikio juu ya chuma,
na usiku wa manane Barabara ya Jogoo hunifichulia siri zake.
Lakini mkono wa mke wangu sikuusikia.

Mwezi wa Machi walimtoa titi la kulia
na pamoja nalo tezi kumi na nne za kwapa.
Nilizisoma kwenye karatasi, kumi na nne,
kama mtu anayehesabu vali zilizoibwa usiku.
Kufika Agosti bangili haikuvuka kiganja.
Septemba nikapasua mkono wa sweta lake la kijani
kwa kisu changu cha kukatia mpira.

Nikauliza: pameziba wapi? Leteni ramani, nizibue.
Naserian, dada wa mazoezi ya viungo, hakucheka.
Alichora nyuma ya bahasha ya eksirei.

"Damu ina moyo wa kuisukuma, mzee.
Hufika kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele,
na hapo maji yake hupenya, hutoka nje,
ili nyama inywe. Huo si uvujaji. Ndiyo kazi."

(Na mimi miaka yote naandika *uvujaji* kwa wino mwekundu.)

"Yanayobaki nje hukusanywa na mishipa ya limfu.
Huanzia gizani, ncha zimefumbwa,
ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu.
Haina moyo wake. Hujibana yenyewe, kidogo kidogo,
na mengine ni wewe: ukitembea, ukivuta pumzi, ukichambua sukuma.
Maji hupita kwenye tezi, hukaguliwa kama mzigo getini,
kisha hurudi damuni hapa, chini ya mtulinga."

Akamgusa Kalekye pale. Kalekye akatazama dirishani.

"Na ni nani aliyeilaza?" nikauliza.

"Hakuna aliyechimba.
Mtoto akiwa tumboni, hajafikia punje ya dengu,
seli hujikusanya visiwa visiwa, hushikana,
huacha uwazi katikati yao.
Halafu nyama inayokosa hewa huita.
Seli moja hutangulia, ikipapasa, nyingine nyuma yake.
Limfu huja baadaye: huchipuka ubavuni mwa vena
kama macho ya kiazi kilichosahauliwa kabatini."

Nikanyamaza.
Nimewahi kuona mtaa ukijipatia maji hivyo.
Mukuru hapakuwa na mchoro wala mhandisi.
Kiu iliita, mpira mmoja ukatangulia chini ya reli,
mingine ikaufuata.
Nilitumwa kuikata.
Niliikata.

Sasa jioni, baada ya taarifa ya habari, nanawa mikono mara mbili.
Kwanza shingo. Kisha kwapa la kushoto, lililo zima.
Kisha kifua, pale penye kovu, kwa kukwepa.
Mkono mwishoni: fungua njia mbele
kabla hujaleta maji.
Na usikandamize. Uzito wa shilingi tu,
ngozi isogee, msuli usijue.
Mimi, niliyezoea spana ya inchi ishirini na nne!
"Unanishika kama mwizi," asema Kalekye,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza anacheka tangu Machi.

Namfunga bendeji kuanzia vidoleni.
Tunazunguka uwanja wa shule mara tatu, yeye akikunja ngumi, akikunjua.
Wiki jana sentimita thelathini na nne. Leo thelathini na tatu na nusu.
Naserian anasema huenda vijishipa vingine vikajitafutia njia mgongoni.
Huenda visijitafutie. Haahidi.

Jana usiku, akidhani nimelala,
au nikidhani amelala yeye,
niliweka sikio juu ya mkono ule.
Sikusikia kitu.
Si mvumo, si tone.

"Lala, baba Mumo," akasema gizani.
"Kesho ni zamu yetu ya maji."